Pima Maji

Kikao cha mtaa, Gungu, Kigoma, siku ya Jumanne,
siku tatu baada ya mvua ile
iliyoshuka mlimani na vumbi la mwaka mzima mgongoni,
ikabeba meza ya Zuwena na mafungu yake ya dagaa,
ikabeba madumu mawili ya mawese ya Ntibashigwa
hadi mtaro ukawa mwekundu,
utadhani ardhi imekatwa mshipa.

Niliandika: wajumbe waliohudhuria, kumi na mmoja.
Sikuandika walivyokaa:
sita ukutani, watano dirishani,
na katikati upenyo wa kupita paka.

Ajenda ya nne, mtaro.
Wa ukutani wakasema: mliuchimba ninyi, enzi zenu.
Wa dirishani wakasema: mliuziba ninyi, kwa kifusi chenu.
Saa nzima tukaugombania
kama mirathi ya marehemu asiyeacha wosia,
huyu akidai kina, yule akiukana upana,
na matope yenyewe yako nje, yanasubiri,
hayana kadi.

Ndipo akaingia Butoyi, fundi mwashi,
saruji imemkaukia hadi kwenye kope.
"Kaa," akasema mwenyekiti. "Wewe uko upande gani?"
Butoyi akatazama ukuta. Akatazama dirisha.
Akachomoa pima maji kwapani
akailaza juu ya meza yetu.

Tuliinama wote.
Vichwa kumi na vitatu, changu kikiwemo, juu ya kiputo kimoja,
kidogo kuliko punje ya mtama.
Hakikuhutubia. Hakikuomba kura.
Kiliteleza taratibu, kikaganda pembeni.

"Mwenye upande ni meza yenu."

Kweli. Miaka tisa
kalamu yangu ilikuwa ikibingirika yenyewe
kuelekea mkono wa mwenyekiti,
nami nikidhani ni adabu.

Mtu akapiga magoti, akachungulia.
Chini ya mguu mmoja, karatasi zilizokunjwa:
vipeperushi vya chaguzi zilizopita, rangi zote,
vimegandamana kwa unyevu hata wagombea wameingiana,
pua ya huyu kwenye shavu la yule.
Wa kwanza kucheka alikuwa Zuwena,
aliyekuja tu kuulizia meza yake.

Tukatoka nje.
Butoyi akampa Nyandwi wa ukutani ncha ya kamba,
ncha ya pili akampa Mwamini wa dirishani.
"Vuta kwako. Na wewe vuta kwako.
Nani kawaambia muache kuvutana?
Kamba iliyolegea haipimi kitu.
Ila msiikate."

Mimi sijawahi kuota mji wa malaika.
Nautaka huu huu, wa vumbi jekundu na honi ya treni ya usiku,
lakini uwe na ofisi
ambako ukileta risiti husomwa risiti, si shati ulilovaa;
na hesabu ya mchanga ibandikwe mlangoni, toroli kwa toroli,
hata binti wa darasa la tatu asimame na kifutio chake
ajumlishe, atukosoe, nasi tumshukuru.
Aliyeshindwa kura apate maji siku ya zamu yake.
Aliyeshinda naye apange foleni
na ndoo yake, kama sisi,
asikilize wanayomsema.

Jua lilikuwa limeshakaa juu ya milima ya Kongo
nilipofungua tena daftari.
Niliandika:

Imeazimiwa mtaro ushuke sentimita mbili kwa kila mita,
kuelekea ziwani,
usielekee kwa mtu.

Mengineyo: meza.
Kwa kukosa muda, imeahirishwa.

Ninaandika haya
nikiwa nimeishika kalamu sana.